Shangazi Amepungua, Magauni Yamebana

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, usijali, hujakosa mengi. Nilikuacha nje ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Ndani ya pazia yumo Metroni wa hospitali, mikono juu, gauni jipya limemkaba mabegani, uso umefunikwa, na sauti yake inatoka kama ya mtu aliye ndani ya gunia:

"Nitoeni humu!"

Bado yumo.

Kwa mgeni, niseme haraka sisi ni nani. Hii ni karakana ya shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu. Tunashona sare. Mimi ni mhitimu wa chuo, nimesomea afya ya jamii, na kwa kuwa dunia haijagundua bado kwamba inanihitaji, Shangazi amenipa meza karibu na mlango nipokee wateja na simu.

Mwanzoni mwa mwaka daktari alimwambia Shangazi presha imepanda na sukari inamnyemelea. Nikaapa kumwokoa. Nilijua akiambiwa abadilike peke yake ataona kaadhibiwa, kwa hiyo nikaanzisha changamoto ndogo ya kila mwezi kwa karakana nzima.

Mwezi wa maji, foleni ya choo ikawa ndefu kuliko foleni ya wateja. Mwezi wa chai bila sukari, nusura nichomwe sindano. Mwezi wa kutembea mchana, mbwa wa jirani alitusaidia kuongeza kasi. Na mwezi huu, kila uzi wa bobini ukikuishia kwenye cherehani, unasimama, unachuchumaa, unainuka, ndipo unaweka bobini nyingine. Ndiyo maana wananiita Mwezi Mpya. Mwanzoni halikuwa jina la mapenzi.

Haya, turudi kwa Metroni, maana anakosa hewa.

"Vuteni juu!" alisema Fundi, ambaye tulikuwa naye nje ya pazia. Fundi ndiye mkataji wetu. Mkasi wake hakuna anayeugusa, hata Shangazi mwenyewe anauomba.

"Wakivuta juu masikio yanakuja!" Metroni alijibu kutoka ndani ya gauni.

"Basi washushe chini."

"Chini kuna mimi!"

Shangazi na Kifungo ndio waliokuwa naye ndani. Kifungo ni dada anayeshona vifungo, na hakuna mzaha katika karakana hii usioanzia mdomoni mwake. Nilimsikia anakoroma. Alikuwa anazuia kicheko kwa pua.

"Fundi, lete mkasi," alisema Shangazi.

"Nikate gauni la mteja? Bora nikate mkono wangu."

"Kata unachotaka," ilisema sauti ya guniani, "ila mimi nibaki!"

Hapo nikaona nafasi ya elimu yangu. "Bi Metroni," nikasema kwa upole, "vuta pumzi ndefu, halafu itoe yote, taratibu."

"Kijana, unanifundisha mimi kupumua? Mimi ndiye ninayewafundisha watu kupumua!"

Lakini aliitoa. Tulisikia pumzi ikitoka, kisha "Sasa!" ya Shangazi, kisha kishindo. Pazia likatikisika. Kifungo akatokea kinyumenyume, gauni mkononi, akaangukia kitako ndani ya kapu la vitambaa chakavu.

"Limetoka," alitangaza kutoka kapuni.

Metroni naye akatoka, amevaa nguo zake za nyumbani, nywele zimesimama kama mtu aliyeona kitu. Hakuna aliyecheka. Nasema hivyo kwa heshima ya wenzangu. Kifungo alikuwa ameuma kona ya gauni.

"Shangazi," alisema Metroni. Kila mtu anamwita Shangazi, hata wateja. "Tumetoka mbali, mimi na wewe. Tangu unashonea barazani. Siku zote navaa Kubwa yenu, nazunguka ndani yake kama niko sebuleni kwangu. Leo Kubwa hainipiti mabega."

"Labda hili moja tu," alisema Shangazi.

"Jana si mliniletea machache wodini? Wauguzi wangu wote wanaovaa Kubwa wamebanwa. Mmoja amepiga chafya, zipu imeruka."

Halafu macho yake yakapanda kwenye rafu, yakatua juu ya jora la kitambaa cheupe chenye mstari wa buluu. Kitambaa cha hospitali. Wao wenyewe ndio hutuletea, sisi tunashona tu.

"Na lile?"

Fundi akatabasamu, maskini, hakuona shimo. "Ni kitambaa chenu kilichobaki. Safari hii nimekata kwa ustadi hasa, kimebaki kingi. Nilitaka nikushangaze."

"Umenishangaza," alisema Metroni.

Lipo neno moja ambalo huwezi kulisema mbele ya fundi wa nguo na ukabaki rafiki yake. Neno lenyewe ni kula kitambaa. Mteja analeta jora, fundi anabana vipimo, kinachobaki kinageuka mashati ya watoto wake. Wapo wanaofanya. Shangazi hajawahi kurudisha nguo bila kurudisha na mabaki yake, hata kipande cha upana wa kiganja.

"Sisemi kitu," alisema Metroni. "Nasema magauni yamepungua na kitambaa kimebaki. Ijumaa tunafungua wodi mpya. Nitapita hapa asubuhi. Nikute magauni yanaingia watu, au nichukue kitambaa changu na tuishie hapo."

Mlango ukafungwa taratibu, na ule utaratibu ndio uliouma.

Shangazi akakaa kwenye kigoda. "Hajawahi mtu kunitamkia hilo."

"Hakulitamka, Shangazi," nikasema.

"Alilitamka kwa macho, baba."

Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la baba yake. Akiniita hivyo kwa sauti ile, niko tayari kupigana na simba. Lakini simba hakuwepo. Alikuwepo Fundi.

"Fundi, ulikataje?"

"Kama siku zote."

"Siku zote ni vipi?"

"Wewe si unaniona? Nimechukua shuka kuukuu, nimemvisha Shangazi, nimebana kwa pini, nimekata, nikalilaza shuka juu ya kitambaa, nikakata kitambaa. Tangu umelelewa humu hujaona?"

Nimeona. Ndivyo tunavyofanya kazi. Hapa hakuna sanamu la kuvalisha nguo. Saizi zetu ni watu. Ndogo ni Kifungo. Wastani ni mke wa Fundi, anayeitwa kutoka nyumbani kila kazi kubwa ikiingia. Na Kubwa, tangu barazani, ni Shangazi. Kazi ikiisha, mashuka ya vipimo yanageuka matambara ya kufutia mafuta ya cherehani.

Niliwahi kushauri tununue sanamu. Fundi alininunia juma zima. "Sanamu linapumua?" aliniuliza aliporudisha salamu. "Linainama kumwinua mgonjwa? Nguo inakatwa juu ya mtu anayepumua."

"Kwa hiyo Kubwa umeikata juu ya Shangazi," nikarudia polepole, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi.

"Juu ya Shangazi! Utauliza mara ngapi?"

Shangazi akainuka kwenda kuchukua maji. Amezoea sasa, huzuni ikimpata anakunywa maji. Akapiga hatua, na sketi ikaanza kuteremka. Akaidaka kwa kiwiko, bila hata kuangalia, kama mtu anayefukuza inzi. Nikakumbuka kwamba nimemwona akifanya vile kwa wiki nyingi.

Kifungo akatoa kichwa kapuni. "Shangazi. Hiyo sketi inakwenda wapi?"

"Lastiki imelegea. Lastiki za siku hizi ovyo."

"Na ya jana?"

"Nayo ovyo."

"Na lile gauni lako zuri, lenye pini mgongoni kama nungunungu?"

"Vitambaa vya siku hizi vinatanuka! Nimelazimika kuvibana vyote. Kabati zima!"

Cherehani zikanyamaza. Mahali fulani bobini ikaisha na hakuna aliyechuchumaa.

"Shangazi," nikasema, "vitambaa havijatanuka."

Alinitazama. Akaitazama sketi. Akaishika kiunoni, akaivuta mbele, na kati ya sketi na tumbo ungeweza kuweka mkate mzima.

"Unataka kusema mimi nimepungua?"

"Umepungua."

"Mimi?"

"Wewe."

Akakimbia. Shangazi yangu, aliyekuwa akipumzika mara mbili kati ya mlango na meza ya kukatia, alikimbia hadi kwenye kioo. Akageuka kulia. Akageuka kushoto. Akapiga vigelegele mpaka muuza viatu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Nina kiuno! Jamani, kiuno changu kimerudi! Kilikuwa wapi miaka yote hii?"

"Kilikuwa humohumo," alisema Kifungo, "ila hakikuwa na nafasi ya kutoka!"

Wakashikana mikono, wakacheza katikati ya cherehani, sketi ikishuka, Shangazi akiipandisha, ikishuka, akiipandisha, hadi ikawa sehemu ya mchezo. Mafundi wengine wakapiga makofi. Mimi nililia waziwazi, sioni aibu kusema. Tulimwona kila siku, ndiyo maana hakuna hata mmoja wetu aliyemwona.

Fundi peke yake alikaa juu ya jora, mkasi magotini. "Mwezi Mpya," alisema kwa huzuni kubwa, "umeniibia Kubwa yangu."

Hapo ndipo furaha ilipopoa. Magauni yote ya Kubwa, rafu nzima, yalikuwa yamekatwa juu ya mtu ambaye si Kubwa tena.

"Tuyafumue tuyatanue," nikasema.

"Mishono nimeiacha myembamba, hakuna cha kutanua," alisema Fundi. "Lakini kitambaa kipo. Tunaweza kuweka vipande virefu ubavuni, kulia na kushoto, ionekane ni mtindo. Swali ni upana gani. Nahitaji Kubwa ya zamani."

"Tutazame shuka la kazi iliyopita."

Kifungo akainua tambara jeusi la mafuta. "Hili ndilo. Sehemu yake."

"Nguo za Shangazi za zamani?"

"Nimezibana zote," alisema Shangazi kwa sauti ndogo. "Kabati zima."

"Basi twende hospitali tukawapime wauguzi!"

"Uende ukamwambie Metroni tumepoteza kipimo?" alisema Shangazi. "Atasema na kipimo tumekila."

Kifungo akasema kitu ambacho nadhani alikusudia kiwe mzaha. "Tumrudishe basi Shangazi alivyokuwa. Tumjaze."

Tukatazamana.

Ndani ya muda mfupi tulikuwa tumeazima taulo zote za kinyozi wa mtaa wetu na zile za mama wa saluni ya pili, na Shangazi amesimama juu ya kigoda, mikono imetandazwa, tunamzungushia taulo na kuzifunga kwa kamba za sketi. Kila mtu akawa mtaalamu wa mwili wa Shangazi.

"Hapa nilikuwa hivi," alisema akionyesha nyonga.

"Shangazi, usijipunje," alisema Kifungo. "Ulikuwa umezidi hapo. Ulikuwa ukipita mlangoni, mlango unasalimu."

"Na hapa tumboni ongezeni," alidakia mmoja wa mafundi.

"Hapo mmezidisha," alilalamika Shangazi. "Sikuwa hivyo."

"Ulikuwa."

"Sikuwa!"

"Pigeni kura," alisema Fundi, mkono usoni. Taulo hazikumpendeza hata kidogo. Kila akibana pini alinong'ona, "Hazipumui. Taulo hazipumui."

Walibishana hadi nikaona hatufiki. Mmoja anamkumbuka mnene, mwingine mnene zaidi, na mwenyewe anajikumbuka mwembamba kama uzi. Hapo nikakumbuka kitu ambacho hakuna mwingine aliye nacho.

"Zitoeni taulo kwanza, nipisheni," nikasema.

Siku niliyofaulu mtihani wa mwisho, mwaka jana tu, nilimkumbatia Shangazi hapahapa mlangoni. Mikono yangu ilimzunguka na vidole vikagusana mgongoni, kwa ncha tu, kucha kwa kucha. Niliona fahari. Utotoni mikono ilikuwa inaishia mbavuni, na kila mwaka nilikuwa najipima kwake kama watoto wengine wanavyojipima kwenye fremu ya mlango. Mwaka jana ndiyo mara ya kwanza nilifika.

Nikamkumbatia. Mikono ikapishana mgongoni hadi kwenye viwiko.

"Ongezeni," nikasema.

Wakaongeza taulo. Nikakumbatia tena. Viganja vikapandana.

"Ongezeni."

"Huyu mtoto anafaidi," alisema Kifungo, lakini sauti yake haikuwa na mzaha sana.

Taulo nyingine. Nikafumba macho, nikamzungushia mikono, nikavuta, na vidole vikakutana mgongoni. Ncha kwa ncha. Kucha kwa kucha.

"Hapo," nikasema. "Hapo ndipo alipokuwa."

Shangazi alikuwa anatetemeka ndani ya taulo. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu akawa analia, halafu akasema, "Fundi, bana pini upesi, joto litaniua."

Fundi akabana. Kwa mara ya kwanza siku ile hakunong'ona kitu.

Tulifumua, tukakata vipande, tukashona. Kila bobini iliyoisha watu waliinuka na kuchuchumaa wenyewe, bila kukumbushwa, na mimi kila nikiwaona nilitaka kuwabusu. Jora likaisha lote, na mabaki tukayakunja kwenye mfuko, hata yale ya upana wa kiganja.

Ijumaa asubuhi Metroni aliingia na uso mkavu kama cheti. Akachukua gauni bila neno, akapita nyuma ya pazia. Tulisimama mstari mmoja kama washtakiwa. Tukasikia zipu. Ilipanda. Ikapanda tena. Haikusimama.

Pazia likafunguka. Akainama, akainuka. Akainua mikono juu. Akamshika Kifungo kwapani ghafla, akamnyanyua kama mgonjwa anayetolewa kitandani, akamrudisha chini.

"Niko sebuleni," alisema.

Tulishangilia! Lakini Shangazi akainua mkono.

"Subiri, Bi Metroni. Usilipokee kabla hujajua." Akamweleza yote. Daktari, maji, sukari, mbwa, sketi, taulo za kinyozi. Hakuficha hata ile ya mlango kusalimu. "Kitambaa chako hakuna aliyekigusa. Kilichopungua ni mimi."

Metroni alimtazama toka juu hadi chini, jicho la kazi. Kisha akafungua mkoba, akatoa mashine ya kupimia presha. Nadhani kuna wanawake wanaotembea na kioo na yeye anatembea na hiyo.

"Lete mkono."

Mkanda ukajaa, ukatoa hewa, ss, ss, ss. Nilimtazama Metroni, siyo mashine. Nilikuwa nimebeba mwezi baada ya mwezi wa matumaini na sikuwahi kumwuliza mtu kama yanafanya kazi.

"Imeshuka," alisema. "Imeshuka vizuri sana. Usirudi ulikotoka, Shangazi, unanisikia? Ukirudi, hiyo wodi yangu mpya nitakuona ndani yake, na hutakuwa umevaa sare."

Halafu akanigeukia mimi.

"Ndiye wewe mwenye miezi?"

"Ndiye mimi."

"Wauguzi wangu wanawaambia wagonjwa waache sukari huku wanakoroga chai ambayo kijiko kinasimama chenyewe. Nahitaji mtu wa kuwaanzishia vitu vidogo vidogo kama hivi. Kazi ya kweli, ya mshahara. Tarehe moja uwe ofisini kwangu. Sharti langu ni moja tu. Sitaki mhubiri. Nataka mtu anayeishi anachosema."

"Naishi!" nilisema, kwa sauti kubwa hata muuza viatu akagonga ukuta.

Kifungo alinirukia mgongoni. Fundi alinipa mkono, kisha, sitasahau, akanishikisha mkasi. Sekunde moja tu, akauchukua tena.

"Na wewe Fundi," alisema Metroni, "wodi zote sasa zinataka sare. Kwa Kubwa hiihii, isiongezeke wala isipungue. Unaweza kuanza leo?"

"Leo hii!" alisema Fundi. "Lakini kwa mtu, siyo kwa taulo. Taulo zimerudi kwa wenyewe, shuka lake limeshageuka tambara, na sikati juu ya taulo tena maisha yangu."

Metroni akatoka kwenda kwenye gari kuagiza majora mapya yateremshwe. Watu wakaanza kuimba. Nikageuka kumtafuta Shangazi nimkumbatie, hata kama mikono itapishana.

Hakuwepo.

Hakuwepo kwenye kigoda, wala kwenye kioo, mahali anaposhinda siku hizi. Ndipo nikaona chini ya pazia la chumba cha kujaribia, viatu vyake. Na nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Kikigonga muda mrefu kuliko chai yoyote inavyohitaji.

Nikaingia.

Alikuwa amekaa kwenye stuli, kikombe mkononi, pakiti ya sukari imepasuliwa, na magotini mikate miwili imepakwa siagi na jamu.

"Funga pazia, baba."

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nafanya changamoto ya mwezi ujao."

"Hukumsikia Metroni?"

"Nimemsikia. Ulimsikia na wewe? Kubwa hiihii, isipungue. Na Fundi, hakati tena juu ya taulo. Humu watu wote wanakula kwa mwili wangu, baba. Kifungo ana wanawe. Fundi ana mkewe na madeni ya mkewe. Mimi nina kiuno. Kipi kizito zaidi?"

"Tutapata Kubwa nyingine. Mtaa umejaa watu!"

"Fundi hampimi mtu asiyemjua. Ilimchukua mwaka kumzoea mkewe."

"Na mkate huo hautakurudisha leo."

"Ndiyo maana iko miwili."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Alinyanyua kikombe. Kwenye mkono uleule uliopimwa presha, alama ya mkanda ilikuwa bado haijafutika.

"Wewe umepata kazi," alisema kwa upole. "Umeshinda, mwanangu. Niache na mimi nirudi kazini kwangu."

Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Nilimnyang'anya kikombe.

"Basi mimi nitakuwa Kubwa."

"Wewe? Na mbavu hizo kama chanuo?"

"Fundi ananijua tangu utoto. Presha sina. Nitakula mpaka niingie kwenye kipimo, halafu Metroni wako atanivaa mimi."

"Rudisha chai yangu!"

"Sirudishi!"

Nikainywa yote kwa mkupuo. Ilikuwa nzito, tamu, nzuri kiasi cha kutisha. Miezi mingi ulimi wangu ulikuwa haujaona kitu kama kile. Nikauvamia mkate. Shangazi akaukamata upande mmoja, mimi nimeushika wa pili kwa meno, jamu ikinitiririka kidevuni, tukivutana, na sasa alikuwa anacheka, ananipiga begani, "Lete, we mtoto, lete!" na mimi nikicheka kwa mashavu yaliyojaa.

"Shangazi!" iliita sauti ya Fundi kutoka nje. "Shuka liko tayari, njoo nikupime!"

"Asije!" nilijaribu kusema. Kwa mkate mdomoni, hakuna aliyeweza kuelewa.

Pazia likavutwa.

Fundi alikuwa ameshika shuka. Nyuma yake, jora jipya kwapani, alisimama Metroni. Aliitazama pakiti ya sukari. Akakitazama kikombe kitupu mkononi mwangu. Akapandisha macho, taratibu, hadi kwenye kidevu changu.

"Anayeishi anachosema," alisema.

Nami nilikuwa bado sijameza.